SOMO: Kuendesha pikipiki ya Harley-Davidson Sportster 883 (yenye injini ya cc 883) kwa anayeipanda mara ya kwanza

Wakuu, salaam. "883 mbona nzito? Mbona inatetemeka? Mbona haikati kona?" Maswali haya nimeyajibu kila wiki, sasa nayaweka yote hapa. Nazungumzia 883 za kuanzia 2004, mwaka ambao injini ilianza kufungwa juu ya raba. Za kabla ya hapo injini imekazwa moja kwa moja kwenye fremu, kwa hiyo usishangae zikikutikisa zaidi ya ninavyoeleza.

1. Inyooshe iwe wima kwa nguvu ya miguu, ndipo ukunje stendi. Ina kilo kama 250.

2. Washa, iache ipate joto. Ikiwa imesimama itatikisika mpaka vioo visionyeshe kitu. Ukishika mwendo inatulia.

3. Ingiza gia namba moja. Ule mlio wa "kang!" ni kawaida yake.

4. Ondoka kwa mafuta kidogo. Klachi iachie taratibu.

5. Panda gia mapema. Aliyezoea injini ndogo ya kupigisha kelele ndipo apate nguvu, hapa anajichosha bure. Pistoni ya 883 ina upana wa milimita 76.2 lakini inasafiri milimita 96.8, na injini ya namna hiyo inavuta kutoka chini. Nguvu yake tamu iko kwenye mizunguko ya kati ya injini. Ukiikamua hadi mwisho unapata kelele na mtetemo, mwendo hauongezeki wa maana. Lakini usiibebeshe gia ya tano ukiwa unatambaa. Ikianza kugonga na kusitasita, shusha gia.

6. Kugeuza kwa mwendo wa pole. Hapa tulieni msome, maana 883 nyingi huangukia hapa, kwenye maegesho na njia panda, si barabara kuu. Uzito wake umekaa chini, kwa hiyo ikiwa inatembea unaisahau kabisa. Ikikaribia kusimama huku imeinama, uzito wote unarudi mara moja na hakuna mguu wa kuuzuia. Kwa hiyo balansi klachi (iwe imeshika nusu), mafuta yawe kidogo lakini yasikatike, na kanyaga breki ya nyuma kwa wepesi ili pikipiki ivutane na breki. Kuvutana huko ndiko kunakoifanya isimame wima. Kichwa kigeuze kabisa utazame unakotaka kutokea. Ukitazama lami mbele ya tairi, utaishia kwenye hiyo lami.

ONYO: usiguse breki ya mbele usukani ukiwa umekata. Tairi la mbele likikwama ghafla, pikipiki inalala papo hapo.
ONYO la pili: usikate mafuta katikati ya kugeuza kwa sababu umeogopa. Hofu inataka uachie, pikipiki inataka uendelee kuisukuma.
Ikishazidi kuinama, iachie iende chini nawe utoke. Goti lako halitashinda kilo 250.

7. Kona za kasi. Punguza mwendo kabla ya kuingia, sukuma mpini wa upande unaoelekea, shika mafuta yasiyobadilika. Iron 883, mojawapo ya matoleo ya 883, inainama nyuzi 27 hivi tu kabla vikanyagio vya kuwekea miguu havijakwaruza lami. Vikanyagio vina bawaba, vinakunjika, huo ni ujumbe tu. Ukiendelea kuilaza unafika kwenye vyuma visivyokunjika, na upande wa kulia kuna ekzosi zote mbili. Ukisikia mkwaruzo usifunge mafuta ghafla, pikipiki inazidi kushuka. Sogeza kiwiliwili upande wa ndani wa kona.

8. Breki: zote mbili pamoja. Ya nyuma ina kazi kubwa kuliko kwenye pikipiki za mbio, lakini ya mbele ndiyo inayokusimamisha.

MASWALI

Kasi_Moto: Inafika spidi ngapi mwisho?

Jibu: Ukinunua 883 kwa ajili ya spidi ya mwisho, umekosea pikipiki. Rudia namba 5.

Nyota_Njema: Kaka, samahani kama ni swali la kitoto. Kwa nini mlio wake unakuwa kama unaruka-ruka, haulingani?

Jibu: Dada, hilo si la kitoto. Silinda mbili zimepangwa kwa pembe ya nyuzi 45, na pistoni zote mbili zinashika pini moja ya krenki, yaani chuma kinachozungushwa na pistoni. Kwa hiyo milipuko haiachani sawa: mmoja unakuja baada ya krenki kuzunguka nyuzi 315, unaofuata baada ya 405. Sikio linasikia mbili za karibu, kisha pengo. Mtetemo nao unatokana na mpangilio huohuo. Raba za 2004 hazikuuondoa, zimeuzuia tu usikufikie wote.

Kasi_Moto: Sawa, lakini mbona inatetemeka sana ikiwa imesimama? Ni mbovu?

Jibu: Namba 2. Soma kwanza.

Mtembezi: Mkuu, paja la kulia linaungua kwenye foleni.

Jibu: Inapozwa kwa hewa, na bomba la silinda ya nyuma linapita hapo karibu. Foleni ikiganda, zima. Vaa suruali nzito.

Nyota_Njema: Na ule mkanda badala ya cheni, unapakwa oili?

Jibu: Hapana, usipake chochote. Angalia kama umelegea au kuna jiwe limenasa. Na kwa kuwa umeuliza oili: Sportster ina oili ya injini peke yake, halafu oili nyingine inayotumiwa na gia pamoja na klachi. Usizichanganye. Vali zake hazihitaji kupimwa wala kurekebishwa, zinajirekebisha kwa shinikizo la oili.

Mzee_Gia: Indiketa nazo waambie. Kulia inabonyezwa kwa mkono wa kulia, kushoto kwa wa kushoto.

Jibu: Ahsante mzee, kweli nilisahau. Na zinajizima zenyewe baada ya kona.

Mtembezi: Somo hili linafaa kwa Nightster?

Jibu: Namba 6 na 8 zinafaa kabisa. Namba 5 hapana. Nightster ya 2022, Harley nyingine, ina injini tofauti, cc 975, inapozwa kwa maji na inapenda kupanda mizunguko. Hata tangi lake liko chini ya kiti. Pale unapodhani ni tangi pana kifuniko tu. Usitafute pa kumimina petroli mbele, inua kiti.