Namna ya Kuandika Kuhusu Nani Alileta Uhuru: Mfano wa Tanganyika

Mtu anayetakiwa kuandika insha, makala au hotuba ya tarehe 9 Desemba juu ya watu waliotupatia uhuru hukutana na tatizo kabla hajaandika jina la mtu yeyote, nalo ni kitenzi. Akiandika kwamba uhuru "uliletwa", tayari ameanza kumtafuta mletaji mmoja. Akiandika kwamba "tulipewa", amemwachia Mwingereza sifa yote, na akiandika kwamba "tuliupigania", msomaji ataitafuta vita ambayo Tanganyika ya miaka ya 1950, tofauti na Kenya au Algeria, haikuipigana. Mimi hupendelea "kudai", kwa sababu kitenzi hicho humlazimisha mwandishi aseme ni nani aliyedai, alidai kwa nani, na alikuwa tayari kupoteza nini kwa kudai kwake.

Mwongozo huu unamhusu mwandishi wa namna hiyo, na mfano wake ni Tanganyika peke yake. Zanzibar nimeiacha kwa makusudi: ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, mapinduzi yakafuata mwezi mmoja baadaye, na watu wake na hoja zao vilikuwa vingine kabisa. Sentensi isemayo kwamba "Tanzania ilipata uhuru mwaka 1961" ifutwe popote inapoonekana.

Anza na hesabu ya miaka

Chukua karatasi, uandike 9 Desemba 1961 katikati, kisha uandike kuliani kwake miaka ambayo wenye madaraka walikuwa wakiitaja kuwa ndiyo miaka ya kufaa. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea Tanganyika mwaka 1954 ulisema kwamba nchi ingeweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hadi 25, yaani kati ya 1974 na 1979, na serikali ya kikoloni iliona hata hiyo ni haraka isiyo na busara. Januari 1959, Waziri wa Makoloni wa Uingereza alipokutana Chequers, makazi ya mashambani ya Waziri Mkuu wa Uingereza, na magavana wake wa Afrika Mashariki, mwaka uliokuwa ukizungumzwa kwa Tanganyika ulikuwa 1970. Uhuru ukapatikana kabla miaka mitatu haijatimia tangu mkutano huo. Kwa hesabu hii swali letu linapata umbo linaloweza kujibiwa: ni nani waliofanya miaka hiyo ipungue, na kila mmoja aliipunguza kwa njia gani?

Hesabu hii ina ukali wake, na mwandishi asiukwepe. Watu 67 walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji, hawakupunguza hata mwaka mmoja kati ya hiyo niliyoitaja. Walipigana na Mjerumani kwa sababu zao wenyewe, na kuwafanya utangulizi wa TANU, chama kilichodai uhuru, ni kuwanyang'anya habari yao. Walichoacha ni kumbukumbu ya bei ya vita, ambayo viongozi wa miaka ya 1950 waliijua vizuri walipochagua kudai kwa maneno. Uzito wa kumbukumbu hizo hata Gavana Twining aliujua: Juni 1954 alilirudisha Kalenga fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kwa heshima zote, zikiwa zimebaki wiki zisizotimia tatu kabla TANU haijaundwa, jambo ambalo hakuweza kulijua.

Wameru, kwa upande wao, wanaingia katika hesabu ingawa walishindwa. Mwaka 1951 watu wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe Wazungu wafugaji. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa, akiwa pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Hawakupata walichokiomba, na mwandishi mwenye haraka ataishia hapo. Lakini safari ile iliwaonyesha watu kwamba Tanganyika, kwa kuwa ilikuwa nchi ya udhamini, yaani iliyotawaliwa na Uingereza chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, ilikuwa na mahali pa kushtakia palipo juu ya Gavana. Julius Nyerere alipokwenda New York Machi 1955, alipita njia ambayo mkulima wa Meru alikuwa amekwisha kuikanyaga.

Mwondoe mtu, kisha utazame kinachobaki

Jaribio la pili ni la kufikirika, lakini hufichua mengi: chagua tukio moja lenye tarehe, mwondoe mtu mmoja, kisha ujiulize kama tukio hilo lingetokea. Lisifanywe kwa historia nzima kwa mpigo, maana mtu akiondolewa katika miaka yote kwa pamoja jibu huwa ni ushabiki tu.

Tulifanye kwa Nyerere, mara mbili. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilipoundwa, haikuota kama uyoga. African Association ilikuwapo Dar es Salaam tangu 1929, rais wake wa kwanza akiwa Cecil Matola na katibu akiwa Kleist Sykes. Ikaja kuitwa Tanganyika African Association (TAA), na Aprili 1953 Nyerere akachaguliwa kuiongoza baada ya Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist. Fedha za akina John Rupia na Dossa Aziz, nyumba za kufanyia vikao, mtandao wa wazee wa mjini na manung'uniko ya ardhi, vyote vilikuwapo kabla mwalimu wa Pugu hajateremka mjini. Mwondoe Nyerere katika mwaka huo. Kwa maoni yangu chama kingezaliwa, pengine kwa jina lingine na kwa kuchelewa kidogo. Waondoe watu wa Dar es Salaam umwache yeye, nami sioni chama hapo. Namwona mwalimu hodari mwenye hoja nzuri na darasa la wanafunzi.

Sasa fanya jaribio hilohilo kwa mkutano wa Tabora, Januari 1958. Serikali ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na haki ya kupiga kura ilikuwa ya mwenye elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa fulani unaotambuliwa. Wajumbe wengi waliona mpango huo ni tusi, na walikuwa na haki ya kuona hivyo, kwa sababu Waafrika waliokuwa karibu nchi nzima waliwekwa sawa na jamii mbili ndogo. Kususia kulionekana ndiyo njia ya heshima. Nyerere alisimama akawashawishi washiriki, kwa hoja kwamba wakisusia viti vingechukuliwa na United Tanganyika Party, chama kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana. Zuberi Mtemvu hakukubali, akaondoka kwenda kuanzisha African National Congress. TANU iliingia, ikaunga mkono wagombea wa jamii zote tatu, na wagombea wake wakashinda. Mwondoe Nyerere pale Tabora, nami naona kura ya kususia inapita. Mtu mmoja huyohuyo, basi, anastahili sifa ya wastani kwa mwaka 1954 na sifa kubwa mno kwa mwaka 1958, na mwandishi anayempa kipimo kimoja kwa miaka yote hamtendei haki hata yeye mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1958, Geita, wakulima waliokataa baraza la mseto, lenye wajumbe wa rangi zote, walilowekewa na serikali waliandamana hadi Mwanza. Usukuma ulikuwa umekatazwa kuwa na matawi ya TANU tangu 1954, kwa hiyo chama hakiwezi kujitwalia maandamano hayo yote. Nguvu kubwa ilitoka kwa wakulima wa pamba wenyewe na vyama vyao vya ushirika. Nyerere naye alishtakiwa mwaka huo kwa makala ya Sauti ya TANU iliyowahusu maafisa wa wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa. Utawala ulioweza kumfunga mtu mmoja ukaona kwamba haungeweza kuifunga Geita nzima.

Waulize wazee walichofanya, usiwaulize wanachojua

Ukimwendea mzee na daftari, baada ya shikamoo na maji ya kunywa, ukamwuliza nani alileta uhuru, atakujibu "Mwalimu", na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Hilo ni jibu la redio na la kitabu cha shule, nalo amelisikia mara nyingi kuliko wewe. Nilipata jibu hilo kwa bibi mmoja wa Magomeni, nikanyamaza, kisha nikamwuliza mwaka ule alikuwa akiishi nyumba ya nani na asubuhi walikuwa wakifanya nini. Akaanza kunieleza habari za mama yake, ambaye kadi yake ya TANU ilikaa chini ya khanga ndani ya sanduku la bati kwa sababu mumewe aliajiriwa serikalini, na watumishi wa serikali hawakuruhusiwa kujiunga. Kila ijumaa, senti kadhaa zilitengwa kwenye kikombe kisicho na mkono, za mchango. Kikombe kile hakimo katika kitabu chochote.

Kwa njia hii ndipo kazi ya Bibi Titi Mohamed inapoeleweka. Mwaka 1955 alianza kuwaingiza wanawake katika chama, na hakuwaendea mmojammoja. Akiwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini, ambao nao waliwaita wanachama wao, na katika miezi michache wanawake wakahesabika kwa maelfu. Wengi wao hawangeweza kutimiza masharti ya kupiga kura mwaka 1958. Walijaza viwanja, walipokea wageni, walitoa fedha, na Gavana aliposoma taarifa za mikutano ile aliwasoma wao.

Angalia karatasi iliandikwa lini

Jina linaweza kutoweka katika kumbukumbu kwa sababu zisizohusiana kabisa na miaka ya uhuru. Oscar Kambona alikuwa Katibu Mkuu wa TANU, kisha akaondoka nchini mwaka 1967. Bibi Titi alikamatwa mwaka 1969 kwa shtaka la uhaini, akahukumiwa, akaachiwa mwaka 1972. Chochote kilichochapishwa baada ya miaka hiyo kisomwe kwa tahadhari: ukikuta picha ya 1955 ina watu sita na maelezo yake yanawataja wanne, watafute wawili waliobaki. Tahadhari hiyo ina upande wake wa pili pia, kwa kuwa baadhi ya waliosahauliwa, wakikumbukwa na jamaa zao, huongezewa uzito wa kufidia miaka ya kunyamaziwa.

Mpe Mwingereza fungu lake

Mwandishi mzalendo huona vigumu kufanya hivi, lakini hesabu ya miaka haikamiliki bila London. Gavana Richard Turnbull, aliyefika Julai 1958 akitokea Kenya, alikuwa ameiona hali ya hatari ya Mau Mau kwa macho yake, na alielekea kuona kwamba kumkawiza Nyerere ni kumwita mtu mkali zaidi. Iain Macleod, aliyechukua Wizara ya Makoloni Oktoba 1959, aliharakisha mambo katika makoloni yote. Hayo ni maamuzi yaliyofanywa na watu, nayo yahesabiwe. Lakini jiulize ni kitu gani kilichokuwa kikiwaogopesha, na utawakuta wapiganaji wa misitu ya Aberdare, ambao bila kuijua Tanganyika walisaidia kuifungulia mlango. Uchaguzi wa Agosti 1960, TANU ilipopata viti 70 kati ya 71, ulimaliza ubishi uliokuwa umebaki. Sifa ya mkoloni ni ya mtu aliyeusoma upepo mapema, si ya aliyeuvumisha.

Andika aya, kisha uijaribu

Ukimaliza kukusanya, usianze na jina. Anza na tukio na tarehe yake, kisha uwaingize watu kwa matendo yao. Badala ya kuandika "Mwalimu Nyerere alileta uhuru bila kumwaga damu", unaweza kuandika hivi: "Januari 1958, Nyerere aliwashawishi wajumbe waliokutana Tabora wakubali uchaguzi ambao wengi wao waliuchukia, na chama alichokiongoza kilikuwa kimejengwa juu ya TAA na kujazwa na wanachama, wanawake kwa maelfu, ambao wengi wao sheria ya uchaguzi huo iliwanyima kura." Ni ndefu zaidi, lakini kila sehemu yake inaweza kupingwa kwa ushahidi, na ile ya kwanza haiwezi.

Ukiona aya yako ina majina matano na yote ni ya wanaume wa Dar es Salaam, rudi kwenye daftari. Ukiona haina tarehe hata moja kati ya 1955 na 1958, rudi pia. Na kabla ya kuchapisha, msomee kwa sauti aliyekuhadithia, hata kama macho yake bado yanaona. Yule bibi wa Magomeni nilipomsomea yangu alisikiliza hadi mwisho, akanisahihisha jambo moja tu: nilikuwa nimeandika kwamba senti za kwenye kikombe zilikuwa faida ya mandazi ya mama yake. Akasema faida ilikuwa ikinunua unga wa nyumbani. Zile za TANU zilitoka kwenye mtaji.