Kupiga filamu fupi ya wanafunzi wa uswahilini Arusha, bila mwalimu mkombozi

Filamu za wanafunzi wa uswahilini zina watu wale wale: chalii (kijana wa kiume) wa bangi, binti mwenye mimba, na mwalimu mgeni anayekuja kuwaokoa wote. Ukitaka kupiga yako kwenye mitaa ya Arusha kama Unga Limited, Ngarenaro au Sombetini, achana na watu hao kwenye skripti kabla hujagusa kamera.

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja kwenye skrini, kwa hiyo filamu ya dakika 10 ni kurasa 10. Mpe mhusika wako kitu kimoja cha kushikika anachokitaka, na kisiwe "kutoka kwenye umaskini". Tuseme binti wa kidato cha tatu anatunza daftari la madeni la mama yake, muuza nyanya wa soko la Kilombero. Mwalimu wa zamu analichukua, akidhani ni la umbea. Jioni mama hawezi kudai hela zake. Binti anataka daftari lirudi, basi. Lipige kwa karibu: kaunta buku limechakaa pembeni, majina kushoto, deni kulia, waliolipa wamekatwa kwa kalamu nyekundu, na ukurasa wa mwisho una milinganyo ya darasani. Sekunde tano zinatosha. Mtu akitamka "kumbe una akili hivi!" futa mstari huo.

Kisha, kama umeweka mwalimu mkombozi, mtoe kwenye skripti, usome upya. Hadithi ikianguka, ujue ilikuwa ya mwalimu tangu mwanzo, si ya mwanafunzi. Kosa la pili ni kumgeuza mwanafunzi malaika. Huyo binti achelewe kweli, adanganye kidogo, amjibu mama yake vibaya. Mhusika asiye na doa anamwambia mtazamaji kwamba maskini anastahili heshima akiwa mtakatifu tu, na hiyo ni dharau ile ile iliyovaa nguo safi.

Maneno waachie vijana wenyewe. Wape kiini cha onyesho, waigize bila karatasi mara mbili tatu, ndipo uandike walivyosema. Mgeni akibandika "chalii" kila sentensi, Chuga (Arusha) nzima itacheka. Lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, nayo ni mali kwako: binti anayeinamisha kichwa akiulizwa darasani, jioni anabishana bei sokoni hadi mteja mtu mzima anasalimu amri.

Vibali anza navyo mapema. Kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, unahitaji kibali cha kupiga filamu, na shughuli hiyo iko chini ya Bodi ya Filamu. Ongeza barua kwa mkurugenzi wa jiji na mkuu wa shule, umwone mwenyekiti wa mtaa, na kila mwigizaji aliye chini ya miaka 18 mzazi wake asaini kukubali. Novemba usiombe darasa, kidato cha nne wako kwenye mtihani.

Simu nzuri inatosha. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni wa hertz 50. Ukiacha fremu 30 na shata 1/60, taa za tyubu zinaweza kupepesa, na ni vigumu edita kuondoa vizuri. Funga mipangilio ya mwanga na rangi ya kamera kwa mkono, isijibadilishe yenyewe, la sivyo picha itabadilika kila mtu anapopita dirishani. Shati jeupe la sare ndilo mtego mkubwa: ukipima mwanga usoni, shati linaungua (linakuwa jeupe tupu), ukipima shati, uso unazama gizani. Pima kwa shati, kisha rudisha mwanga usoni kwa manila nyeupe mbili, upande usio na dirisha. Nje piga saa 1 hadi saa 3 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni. Mchana jua liko utosini na macho yanakuwa mashimo. Juni na Julai wingu la asubuhi lina mwanga laini mzuri, ila likipasuka katikati ya onyesho, vipande havitaungana.

Usifungue filamu kwa mtaro wa maji machafu. Utakuwa umeshawathibitishia wenye dharau hoja yao kabla mtu hajasema neno.

Sauti ndiyo huua filamu nyingi. Bana maikrofoni ndogo kwenye shati, kama sentimita 20 chini ya kidevu, na tundika mablanketi ukutani nje ya fremu ili chumba kisirudishe mwangwi. Mvua ikigonga bati, acha kabisa. Kila chumba rekodi sekunde 30 watu wote wakiwa kimya, zitakusaidia kuziba mapengo bodaboda inapokatiza. Kwa mwendo huo kurasa 3 hadi 4 kwa siku ni kazi tosha, hivyo panga siku tatu.

Ukishapata toleo la kwanza, waonyeshe waigizaji na wazazi wao kabla ya mtu mwingine yeyote. Wakiguna mahali usipotarajia, rudi kwenye kipande hicho. Ikitulia, ipeleke Bodi ikaguliwe na kupangiwa daraja, kisha tafuta ukumbi.