Kutafuta vyura usiku Amani: ninavyofanya sasa, baada ya kukosea sana

Kabla ya tochi na mabuti, nenda kasalimie. Ukishuka kwenye basi la kutoka Muheza, peleka kibali chako ofisi ya hifadhi ya msitu wa Amani, mkoani Tanga, kisha pita kwa mwenyekiti wa kijiji umwambie usiku mtakuwa wapi na mko wangapi. Kibali cha utafiti kinaanzia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na hifadhi yenyewe iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, lakini karatasi hizo hakuna atakayezisoma saa nne usiku mtoni. Kuanzia mwaka 2003 wachimbaji wa dhahabu walivamia mito ya Usambara Mashariki, kwa hiyo watu wenye tochi majini hawaachwi tu wapite. Safari yangu ya kwanza sikumuaga mtu. Vijana sita wenye mapanga walitukuta tumeinamia jiwe, na jibu langu la "tunatafuta vyura" likazidisha mashaka.

Nenda wakati wa mvua: masika, Machi hadi Mei, au vuli ikichanganya. Usiku mkavu utatembea saa tatu urudi na vyura wawili na malaria ya bure.

Vifaa ni vichache. Tochi ya kichwani na nyingine ya akiba, kipimajoto, rula, saa, mkanda wa mita, glavu, daftari na penseli. Nasisitiza penseli. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwa kalamu ya wino, daftari likalowa ndani ya begi, na kazi ya siku nne ikawa kurasa za rangi ya buluu. Msimamizi wangu hakunigombeza. Alinipa penseli mbili na kisu cha kuchongea, akaondoka.

Chomeka suruali ndani ya soksi, soksi ndani ya mabuti ya mvua. Sababu ni siafu. Kila ukisimama kupima, mulika kwanza unapokanyaga, kisha umulike tena baada ya dakika. Mimi niliwahi kusimama na chura mkononi, rula mkono wa pili, nikisoma milimita kwa utulivu kabisa, mpaka wa kwanza aliponiuma pajani. Siafu hupanda kimyakimya, halafu huanza kuuma kama wamepeana ishara. Chura alikwenda zake, na mimi nilivua suruali mbele ya mzee wa kuniongoza, ambaye kwa heshima aligeuka akaanza kuhesabu miti.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha kazi yenyewe. Mimi nilikuwa natembea haraka nikimulika kila jani. Akaniambia, "Mwanangu, zima hiyo tochi." Nikasema, "Mzee, sasa tutaonaje?" "Kwani chura anakuita kwa macho?" Tukakaa gizani kama dakika kumi. Mwanzoni msitu wote unasikika kama kelele moja, kisha sauti zinaanza kuachana: mmoja chini kwenye majani makavu, mwingine juu kwenye matawi, mwingine ng'ambo ya kijito. Chagua sauti moja. Simameni wawili, hatua tano au sita kati yenu, kila mmoja anyooshe mkono inakotoka sauti bila kusema kitu. Washeni tochi mwone mikono inakutana wapi. Chura yuko hapo, kwa kawaida jani moja nyuma ya lile ulilokuwa unalitazama. Mtu mmoja akitafuta peke yake, sauti humzungusha mpaka achanganyikiwe.

Ukimulika, weka tochi usawa wa macho yako. Utaona nukta za kijani zinang'aa chini kila mahali, utafurahi, utakimbilia. Ni buibui. Kila mwanafunzi niliyempeleka amekimbilia buibui usiku wa kwanza, nami simkatazi, maana akishainama mara ishirini hatasahau.

Usitazame chini tu. Chura mmoja mdogo wa huku, Nectophrynoides tornieri, hafiki sentimita nne, na usiku hukaa juu ya majani, mara nyingi usawa wa goti au kiuno. Huyu hatagi mayai majini, anazaa watoto walio hai, kwa hiyo usimtafute penye maji peke yake. Mwingine, Hoplophryne rogersi, hutaga kwenye maji kidogo yanayotuama ndani ya mianzi iliyovunjika na kwenye makwapa ya majani ya migomba. Chungulia humo kwa utaratibu, usipasue.

Kumshika: mikono isiwe na mafuta wala dawa ya mbu, kwa sababu ngozi ya chura hunyonya kila kitu. Vaa glavu, zilowanishe, na ubadilishe kwa kila chura. Pima, piga picha ya mgongo, tumbo na vidole, mrudishe kwenye jani lilelile. Na andika hapohapo: saa, joto, mvua ilinyesha lini, kimo cha jani kutoka ardhini, alikuwa anaita au amenyamaza. Ukisema "nitaandika kambini", kambini utakumbuka ugali.

Usafi wa mabuti sina mzaha nao. Ndugu wa huyu tornieri, chura wa Kihansi, alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko huko Udzungwa. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000 maji yakapungua, wakafungiwa vinyunyizio, kisha mwaka 2003 idadi ikaporomoka ghafla, na ukungu (kuvu) wa ngozi uitwao kitridi ulikutwa kwa waliokufa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Alinusurika kwa sababu wachache walikuwa wamepelekwa Marekani kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Ukungu huo husafiri kwenye tope na maji. Kwa hiyo kabla ya kutoka kijito kimoja kwenda kingine, sugua soli kwa brashi mpaka tope liishe, kisha paka jiki iliyochanganywa na maji, mbali na mto, uache yakauke. Wenzako wakikucheka waache wacheke, lakini wasivuke kabla hawajasugua.

Mkirudi, yaning'inize mabuti kichwa chini, na asubuhi yakung'ute kabla ya kuingiza mguu. Masika moja nilichoka nikayaacha wima barazani. Asubuhi nilipoyakung'uta akaanguka chura wa miti, mzima, amekasirika. Nilimpima. Kwenye daftari, penye safu ya mahali alipopatikana, imeandikwa kwa penseli: buti la kushoto, kimo sentimita sifuri.