Kupima milivolti za ardhi kutafuta salfaidi, vifaa vya bei rahisi tu

Wachimbaji wadogo wengi wakisikia "kupima madini" wanawaza mashine ya mamilioni, kumbe ipo njia inayotaka maltimita, waya mrefu na vyungu viwili basi. Robert Fox aliijaribu Cornwall, Uingereza, mwaka 1830 kwenye mishipa ya shaba. Mwamba wenye salfaidi (madini ya metali iliyoungana na salfa) nyingi zilizoshikana, mfano pairaiti, kichwa chake kinakaa karibu na hewa, mkia uko chini kwenye maji yasiyo na oksijeni, hapo elektroni zinapanda ndani ya mwamba na udongo wa juu yake unasoma hasi.

Kazi yote iko kwenye vyungu. Usichomeke misumari ya chuma ukasema unapima, chuma kinazalisha volti zake chenyewe na namba zitacheza siku nzima. Kata vipande viwili vya bomba la plastiki, ziba chini kwa plasta ya Paris, jaza maji ya mrututu (ile kopa salfeti ya bluu) mpaka chenga zibaki chini zimegoma kuyeyuka, tumbukiza waya mnene wa shaba uliopigwa msasa. Kitako kiwe na unyevu tu, kisichuruzike. Viweke vyote kwenye ndoo moja ya udongo mbichi, mita ikizidi milivolti 2 hivi safisha uanze upya. Na vaa glavu jamani, mrututu ni sumu.

Porini chungu kimoja kinabaki sehemu moja kivulini, kimeunganishwa kwenye tundu la COM, cha pili unatembea nacho kikiwa kwenye waya mwekundu. Pita ukiukata mkanda wa mwamba unaoutafuta, usiufuate. Kila mita 10 chimba kishimo mpaka udongo wenye unyevu, kandamiza chungu, subiri namba itulie ndo uandike, na usimwage maji hapo ukapima papo hapo maana maji yanayozama nayo yana volti zake. Mara mojamoja rudia kituo cha nyuma uone kama namba bado ni ileile.

Tofauti za makumi ya milivolti ni kawaida, ukiona hasi mia na kuendelea, vituo kadhaa mfululizo, hapo chora grafu. Ila kilima nacho kinasoma hasi kwa sababu ya maji yanayoshuka, bomba la chuma linadanganya, na grafaiti ndo balaa kabisa, maeneo kama Mahenge unaweza kushangilia bure. Dhahabu ya kwenye kwatzi isiyo na salfaidi wala haionekani, mita haijui dhahabu.

Kina cha kukadiria: pima upana wa bonde la grafu kwenye nusu ya kina chake, zidisha kwa 0.65. Upana mita 40, kitovu cha mzigo (yaani salfaidi zenyewe) kiko chini kama mita 26, hiyo ni kama mzigo una umbo la mviringo. Kabla ya kushusha duara (shimo la kuchimbia madini), chukua kwanza sampuli za udongo juu ya bonde hilo upeleke maabara.