Kupanda Pikes Peak kwa gari, na kushuka bila kuunguza breki

Udereva wa milimani nilijifunzia barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kwenye kona za Usambara. Nikaja Colorado kichwa juu, na safari ya kwanza tu breki zikanuka. Siku hizi ndugu wakitutembelea Denver mimi ndiye dereva wao wa Pikes Peak, mlima wa Colorado wenye barabara hadi kileleni, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Siku moja kabla

Lipia mtandaoni na uchague saa ya kuingia. Msimu wa kiangazi, hakikisha kwanza kama nafasi iliyopangwa inahitajika. Chagua asubuhi. Julai na Agosti, mchana ukishaingia mawingu hujikusanya haraka, na huko juu kuna mahali panaitwa Devil's Playground, uwanja wa michezo wa shetani, kwa jinsi radi inavyorukaruka kwenye mawe. Pima upepo wa tairi, angalia rejeta na mafuta ya breki. Petroli jaza Colorado Springs, mlimani hakuna kituo. Na makoti, hata kama mjini watu wanatembea na kandambili.

Hatua ya 2: Kupanda

Unaiacha barabara kuu namba 24 pale Cascade, mji mdogo chini ya mlima. Toka hapo ni maili 19, kilomita 31 hivi, lami hadi kileleni tangu 2011. Mwanzo ni misonobari na bwawa. Ukipita Glen Cove, kituo cha njiani, miti inakatika, kona zinajikunja zenyewe kwa zenyewe, na sehemu nyingi hazina kingo. Abiria watazame bonde, wewe tazama lami. Ukitaka picha, egesha kwanza.

Gari lisilo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia injini hewa) litachoka, kwa sababu hewa nyembamba inainyima injini pumzi. Usilikanyagie. Shusha gia, zima kiyoyozi, waachie wenye haraka wapite.

Hatua ya 3: Kileleni

Uko mita 4,302. Mlima Meru ni mita 4,566, na kwetu kuufikia ni siku tatu au nne za kutembea, mwili ukizoea kidogo kidogo. Hapa umefika kwa saa moja na ushei ukiwa umekaa kitini. Kwa hiyo shuka garini taratibu, kunywa maji, usikimbize watoto. Onjeni donati zinazopikwa hapo hapo. Mimi sikai zaidi ya saa moja. Mtu akianza kutapika, kuyumba au kuongea maneno yasiyoeleweka, msisubiri picha ya mwisho. Huo ni ugonjwa wa kimo, dawa yake ni kushuka.

Hatua ya 4: Kushuka

Hapa ndipo penye udereva. Kanuni ya zamani ya madereva wa malori inasema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na Pikes Peak inataka hata chini ya hapo. Ingiza gia ya kwanza au ya pili kabla hujaondoka kileleni, si baada ya gari kushika kasi. Lenye gia za otomatiki, toa kwenye D (gia ya kawaida), weka L, 1 au 2 (gia za chini), au M (unachagua gia mwenyewe). Injini italia, iache ilie, ndiyo inayolishika gari. Kuweka gia huru ili kuokoa mafuta, usithubutu.

Breki usiikalie mguu. Kasi ikizidi, kanyaga kwa uthabiti mpaka ipungue, kisha achia kabisa ili diski zipoe. Kosa langu lilikuwa kugusagusa muda wote: joto linapanda kimya kimya, padi zinaacha kushika, mafuta ya breki yakichemka pedeli inalegea kama sponji. Ukihisi hivyo, egesha upesi, usubiri. Usimwagie diski maji, zitapinda.

Glen Cove utasimamishwa, mkaguzi ataelekeza kipimajoto kwenye gurudumu lako. Mimi siku ile niliambiwa nikae pembeni, nusu saa nzima, wakwe zangu wakinitazama. Ukiruhusiwa kupita, usiirudishe gia D kwa furaha: mteremko bado ni mrefu, kilomita zaidi ya 20 hadi Cascade.