Somo: Namna ya kusoma kura za maoni za Marekani

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia naulizwa swali lilelile, kura za maoni (yaani tafiti za kuuliza watu wachache watampigia nani) zisomwe vipi, kwa hiyo naliandika jibu mara moja. Tafadhali lisomeni lote kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1: Tazama siku watu walipohojiwa, si siku ya kuchapishwa.

Hatua ya 2: Tazama waliohojiwa ni watu wazima wote, waliojiandikisha, au wanaotarajiwa kupiga kura.

Hatua ya 3: Soma swali neno kwa neno.

Hatua ya 4: Pima kiwango cha makosa, yaani pointi ambazo takwimu yaweza kuzidi au kupungua kuliko hali halisi. Hapa ndipo nilipoteleza mwaka 2016. Niliona mgombea ana asilimia 48, mpinzani 45, wahojiwa 1,000 na kiwango cha makosa pointi 3, nikawaambia wenzangu kazini kwamba mambo yamekwisha. Sikujua kwamba pointi 3 hizo ni za kila mgombea peke yake: 48 yaweza kuwa 45 au 51, na tofauti kati yao ina kosa linalokaribia pointi 6. Tahadhari, kiwango hicho hakihesabu waliokataa kujibu. Tahadhari nyingine, rais huchaguliwa na wajumbe wa majimbo, si kwa jumla ya kura za nchi nzima. Mwaka huo Hillary Clinton alimzidi Trump katika kura zilizopigwa kwa takriban pointi 2 nchi nzima, lakini akapoteza majimbo ya Wisconsin, Michigan na Pennsylvania, na uchaguzi wenyewe, na tafiti nyingi za majimbo hazikuwa zimesawazisha wahojiwa kwa kiwango cha elimu, yaani kurekebisha hesabu ili wasomi wasizidi sehemu yao halisi.

Hatua ya 5: Linganisha utafiti na ule uliotangulia wa kampuni hiyohiyo.

MASWALI

Mwanachama: Kwa kifupi, nani anaongoza?
Jibu: Anza hatua ya 1.

Mwanachama: Hizi kura ni uongo, 2016 zilikosea zote.
Jibu: Si zote. Za kitaifa zilikaribia sana matokeo niliyoyataja hatua ya 4.

Mwanachama: Mwalimu, si afadhali wangeuliza mamilioni?
Jibu: Ahsante kwa swali zuri, ndugu yangu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma kadi zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri ushindi wa Landon, aliyeshindana na Rais Roosevelt. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka katika orodha za wenye simu na magari, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na waliojitaabisha kurudisha kadi hawakufanana na walionyamaza. Mtafiti wa maoni George Gallup, kwa sampuli (idadi ya waliohojiwa) ndogo mno kuliko hiyo, alimtaja mshindi.

Mwanachama: Na maoni yaweza kugeuka kwa siku chache?
Jibu: Yaweza. Septemba 2001 walioridhika na utendaji wa Rais George W. Bush walipanda kutoka asilimia 51 hadi 90 katika wiki mbili, kwa sababu ya mashambulizi ya tarehe 11. Ndiyo maana mimi huandika tarehe za mahojiano pembeni mwa kila takwimu ninayoihifadhi daftarini.