Namna ya Kuomba Fedha za Utafiti kwa Mjasiriamali Mdogo wa Mtwara na Lindi

Anayekamua mabibo, yaani matunda ya mkorosho, kule Tandahimba anajua kwamba bibo lililookotwa asubuhi halingoji kesho. Akitaka fedha za serikali za kulishughulikia tatizo hilo, kwanza atenganishe mafungu mawili ambayo wengi huyachanganya. Mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, unaogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni wa kuendeshea biashara na hurejeshwa. Fedha za utafiti na ubunifu hupitia hasa katika Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, ulioanzishwa mwaka 1995 na kusimamiwa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, nazo hulipia kazi ya kutafuta jibu.

Kwa hiyo ombi lianze na swali. "Naomba fedha za mtambo wa juisi" ni ombi la mkopo, hata likipambwa vipi. "Juisi ya mabibo iliyochemshwa kwa nyuzi joto 70, 80 na 90 hukaa siku ngapi kabla ya kuchachuka, na ukakasi wake hupungua kwa kiasi gani?" ni ombi la utafiti. Kabla ya kuliandika, fanya majaribio madogo jikoni kwako kwa kipimajoto, mizani na chupa safi, ukiandika katika daftari tarehe, saa ya kukamua na siku ambayo kila chupa ilianza kutoa povu. Chupa zilizoharibika usizifiche, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha tatizo liko wapi.

Kisha tafuta mtaalamu wa kushirikiana naye. Kituo cha Naliendele cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), karibu na mji wa Mtwara, kimebobea katika utafiti wa korosho, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, lina ofisi katika mikoa yote miwili. Makubaliano yawe ya maandishi, yakitaja matokeo yatakuwa mali ya nani. Kama umebuni kifaa kipya, ulizia hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kabla ya kukionyesha kwenye maonyesho, kwa sababu kikishajulikana hadharani kinaweza kupoteza sifa ya upya.

Masharti mengine husomwa katika tangazo la kila awamu. Ratiba, hata hivyo, ipange mwenyewe kwa kufuata mkorosho: fedha zikiingia Machi hakuna bibo shambani, hivyo miezi hiyo ipangiwe ununuzi wa vifaa na mafunzo, na ukamuaji usubiri msimu.